Jua la Dar linatosha, tulipime sasa paa lako

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nimehamia nyumba yangu ya Kinyerezi mwaka jana. Shemeji yangu yuko Dodoma, ana paneli sita za wati 550 na betri, na anasema umeme unambakia. Muuzaji mmoja hapa Dar anataka kunifungia sita kama hizo. Anasema jua letu ni saa 12 kila siku, na kwamba hakuna mji wa Ulaya unaotufikia. Fundi mwingine ananiambia nisipoteze hela: pwani kuna mawingu na unyevu, sola ni ya watu wa Dodoma na Singida. Nyumba yangu haina ghorofa, bati la msauzi, paa la pande nne. Mbele kuna barabara, nyuma kunaelekea kibla. Huko nyuma kuna mnara wa tanki la maji, na kwenye kona ya kuchomoza jua kuna mwembe mkubwa wa jirani. Tuna friji, feni tatu, taa, runinga na pampu ndogo ya maji. Nani mkweli? Na nitajuaje jua la mji wangu ni kiasi gani kabla sijatoa pesa?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuhamia kwako. Jua la Dar linatosha nyumba kama yako. Paneli tano zikiwekwa mahali panapofaa zitakuhudumia. Sita zikiwekwa upande wa mbele, kama ninavyohisi muuzaji anapanga kwa sababu ndiko ngazi inakofika kwa urahisi, zitakusumbua kila ifikapo Juni. Nitakueleza nimefikaje hapo, maana hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe, na ukishaijua hakuna muuzaji atakayekuyumbisha.

Tuanze na hizo saa 12. Ni kweli sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima. Lakini jua la saa 1 asubuhi unaweza kulitazama kwa macho, la saa 6 mchana linakuchoma utosi; paneli nayo inaona tofauti hiyo hiyo. Kwa hiyo sisi mafundi tunakusanya nguvu yote ya siku nzima, kisha tunauliza: kama jua lingewaka kwa nguvu ya kilele tupu, yaani wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, lingewaka saa ngapi? Hizo tunaziita saa za jua kamili. Kwa Dar es Salaam, wastani wa mwaka ni saa 5 hivi kwa siku. Kwa Dodoma ni karibu 6.

Saa moja hiyo ya tofauti ndiyo sehemu ya ukweli aliyonayo fundi wako. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni kavu na msimu wake wa mvua ni mmoja. Sisi tuna masika, tuna vuli, na hata siku isiyo na wingu kuna mvuke wa bahari unaolichuja jua kabla halijafika kwenye bati. Lakini tazama ukubwa wa hasara yenyewe: ni kama sehemu moja kati ya sita. Shemeji yako akipata uniti sita (uniti moja ni umeme wa kilowati 1 kwa saa moja), wewe kwa paneli zile zile utapata tano. Hiyo si sababu ya kukata tamaa, ila ni sababu ya kutonakili mfumo wake kama ulivyo.

Muuzaji naye kwa habari ya Ulaya amezidisha. Paneli iliyoko Seville, kusini mwa Hispania, ikihesabiwa mwaka mzima haizidiwi na ya Dar. Kule kiangazi ni kirefu na kikavu. Tunachowazidi Wazungu ni kitu kingine, na kwangu mimi ndicho chenye thamani zaidi. Berlin mwezi Desemba hupata chini ya saa moja ya jua kamili kwa siku. Sisi mwezi wetu mbaya kuliko yote bado uko juu ya saa 4. Jua letu halina njaa ya miezi. Mtu wa Berlin hawezi kuitegemea sola wakati wa baridi hata akifunika paa lote, lakini wewe unaweza kuitegemea mwezi wowote, mradi umenunua kwa kufuata mwezi ule mbaya. Na mwezi mbaya wa Dar ni masika yanapokolea, Aprili hasa. Kwa hiyo wastani wa mwaka ni wa kujua tu. Namba ya kununulia ni ya Aprili, na mimi huichukua kuwa saa 4 kamili ili nisimdanganye mtu.

Umeuliza namba hizi zinapatikanaje. Nyingi zinatoka angani. Kuna satelaiti za hali ya hewa zilizokaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita kama 36,000, zikiipiga picha Afrika kila baada ya dakika 10 hadi 15. Wingu linaonekana jeupe, ardhi inaonekana nyeusi, na kutokana na weupe huo kompyuta inakadiria jua lililofika chini. Picha za miaka mingi zikijumlishwa, unapata wastani wa mji. Benki ya Dunia imeziweka bure mtandaoni katika ramani inayoitwa Global Solar Atlas tangu 2017, na Tume ya Ulaya ina kikokotoo chake, PVGIS, ambacho kinafika mpaka Afrika. Unabonyeza mtaa wako kwenye ramani, unaandika paneli za kilowati 1, kinakupa uniti za kila mwezi kuanzia Januari hadi Desemba.

Hapo PVGIS kuna mtego, na nimeona hata vijana wenye diploma wakinaswa. Kikokotoo kilitengenezwa na watu wa kaskazini ya dunia, ambao jua lao huwa kusini siku zote. Kwenye sehemu ya mwelekeo, sifuri maana yake paneli inatazama kusini. Ukiacha sifuri ukiwa Dar, umepima paneli iliyogeuziwa mgongo jua la Juni. Kwa paneli inayotazama kaskazini andika 180, kwa magharibi andika 90.

Ila elewa satelaiti inaona nini. Jicho lake kwa asili linapima eneo la kilomita kadhaa kwa mkupuo mmoja. Kwake nyumba yako na za majirani zako wote ni doa moja. Mwembe wa jirani haumo. Mnara wako wa tanki haumo. Wanaopima uwezo wa mji mzima wanajaribu kuziba pengo hilo kwa kuhesabu mapaa. Dar tumebahatika: mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatuma wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa wakachora nyumba, mifereji na vichochoro, kwa ajili ya kukabili mafuriko, na ndege zisizo na rubani zikapiga picha kutoka juu. Zanzibar nao walirushiwa ndege za namna hiyo wakapata picha za Unguja na Pemba. Ukiwa na mchoro wa kila paa, unajumlisha mita za mraba, unazidisha kwa jua, unapata namba kubwa ya kupendeza kwenye ripoti.

Mimi namba hizo nazisoma kwa tahadhari, na naomba na wewe uzisome hivyo. Mchoro wa paa hausemi kama bati limeoza. Hausemi kama kenchi ni za mbao nzima au za mirunda iliyoliwa na mchwa. Paneli ya wati 550 ina uzito wa kilo 27 hivi na eneo la mita za mraba 2.6, upepo ukiingia chini yake unaivuta juu kama tanga, na papi dhaifu hazitaishika. Tena mji huu, uliohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, umejaa wapangaji. Jua liko juu ya kichwa cha mpangaji, paa ni la mwenye nyumba, na mwenye nyumba hailipi LUKU, yaani umeme wa mita ya kulipia kabla. Nimeitwa mara nyingi na watu wa Sinza na Mbagala wenye nia na akiba yao mkononi, tukakwama hapo hapo. Siku mipango ya sola ya mji itakapoandikwa bila kumkumbuka mpangaji, nusu ya uwezo wanaoutangaza itabaki kwenye karatasi. Hilo linanikera, lakini wewe nyumba ni yako, basi turudi juu ya bati lako.

Umeniambia nyuma kunaelekea kibla, na hujui umenisaidia kiasi gani. Makka na Dar es Salaam ziko karibu kwenye longitudo moja, kwa hiyo kibla yetu ni kaskazini, inapishana nayo kwa kama nyuzi moja tu. Nikiwa mtaani bila dira natazama mihrabu ya msikiti ulio karibu, nimeshajua kaskazini. Basi nyumba yako mbele ni kusini, nyuma ni kaskazini.

Jua la Dar halikai upande mmoja. Linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Baada ya Machi linahamia kaskazini, na kufikia tarehe 21 Juni saa sita mchana limeinama nyuzi 30 kutoka utosini. Baada ya Oktoba linakuwa kusini, lakini Desemba haliendi mbali, nyuzi 17 tu. Ndiyo maana hapa tunapendelea kaskazini, ingawa hatulazimiki kama watu wa Cape Town. Paa la mteremko wa kawaida, nyuzi 15 hivi, likitazama mashariki au magharibi linapoteza asilimia chache tu kwa mwaka. Hata kusini, kwa hesabu ya mwaka mzima, hasara haifiki sehemu moja ya kumi, na muuzaji atakutajia hiyo hiyo. Asichokutajia ni Juni. Siku hizo jua la mchana linalipiga bati la kusini kwa pembe ya nyuzi 45, na nguvu ya moja kwa moja inayoingia ni kama saba ya kumi ya ile ambayo paneli ingeipata ikilitazama jua uso kwa uso. Upande wa kaskazini wakati huo unapata karibu yote. Kwa hiyo ukifunga mbele, utakuwa umejitengenezea Aprili ya pili katikati ya kipupwe, wakati anga ni safi na majirani zako wanavuna.

Sasa mwembe. Hapa ndipo nataka uwe makini kuliko pengine pote, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea mimi. Miaka mingi iliyopita nilikagua nyumba moja mwezi Desemba. Nilipanda juu ya paa asubuhi, mchana na jioni, sikuona kivuli. Nikafunga. Juni mwenye nyumba akanipigia: betri haijai. Nikaenda, nikakuta kivuli cha ukuta wa ghorofa ya jirani, ulio upande wa kaskazini, kimelala juu ya paneli mpaka saa nne na nusu asubuhi. Desemba jua lilikuwa kusini, ukuta ule haukunionyesha chochote. Nilizihamisha paneli kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo sikagui paa bila kuuliza jua litakuwa wapi miezi sita baadaye.

Mwembe wako uko kona ya nyuma, upande wa kuchomoza jua, yaani kaskazini mashariki. Ndiko jua la Juni linakotokea. Kwenye saa 3 na nusu asubuhi wakati huo, kitu kilichozidi paneli kwa mita 3 kinatupa kivuli cha mita 4, kuelekea kusini magharibi, kwenye paa lako. Mnara wa tanki nao: Desemba kivuli chake cha mchana kinaangukia uani, lakini Juni kinarudi juu ya bati. Na usidhani kivuli kidogo kinaleta hasara ndogo. Ndani ya paneli seli zimeungwa moja baada ya nyingine, kama maji yanavyopita kwenye mpira. Ukikanyaga mahali pamoja, maji yanapungua kwenye mpira wote. Watengenezaji huweka diodi, kwa kawaida tatu, ili theluthi iliyofunikwa irukwe na nyingine ziendelee. Kwa hiyo tawi moja la kivuli linaweza kukunyima theluthi ya paneli nzima. Usimwambie jirani aukate mwembe wake. Tuuache mwembe, sisi tuhame.

Tuhamie magharibi, upande wa kuzama jua. Mwembe haufiki huko, mnara nao ukiwa nyuma hautagusa isipokuwa labda ukingo. Paneli tano zikisimama bega kwa bega zinachukua upana usiofika mita 6. Zisipotosha, iliyobaki iende nyuma karibu na kona ya magharibi, lakini mwambie fundi asiiunganishe kwenye mstari mmoja na zile za magharibi. Iwe na njia yake kwenye inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, yaani inveta iwe na njia mbili. Paneli zinazotazama pande tofauti zikifungwa mstari mmoja zinavutana.

Muulize pia ataacha nafasi gani kati ya bati na paneli. Wati 550 zilizoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa seli zikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya bati la Dar mchana seli zinafika 60, na kila nyuzijoto moja inayozidi inakula takriban asilimia 0.35 mpaka 0.4. Hiyo ni asilimia 12 na zaidi imekwenda na joto. Sentimita 10 hadi 15 za nafasi zinaruhusu upepo upite chini upoze. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kwa Kinyerezi chumvi ya bahari si kali kama Kigamboni au Mbezi Beach, lakini bado ni pwani. Vumbi la barabara yako utalifuta kwa maji ya asubuhi, kabla paneli hazijapata moto.

Hesabu sasa. Paneli tano ni kilowati 2.75. Zidisha kwa saa 4 za Aprili, unapata uniti 11. Toa theluthi moja kwa ajili ya joto, vumbi, waya, inveta na umeme unaopotea ukiingia na kutoka kwenye betri. Unabaki na uniti 7 na kidogo kwa siku, katika mwezi mbaya. Nyumba yenye vitu ulivyonitajia, mara nyingi nakuta inatumia uniti 5 au 6. Kwa hiyo tano zinatosha na akiba kidogo. Zipo siku mbili tatu za masika ambazo mvua haikati na utapata nusu ya hapo au chini yake. Siku hizo LUKU ibaki, usiikate. Pesa ya paneli ya sita mimi ningeiongeza kwenye betri nzuri ya lithiamu.

Lakini makisio yangu ya 5 au 6 usiyaamini mpaka upime. Kwa siku saba, kila asubuhi saa ileile, andika uniti zilizobaki kwenye mita yako. Usisahau kuandika ulizonunua katikati. Tofauti ya siku hadi siku ndiyo matumizi yako.

Na angalia uko kwenye bei ipi, hili wauzaji hawaligusi. Kama shilingi elfu moja inakuletea uniti 2.8, unalipa shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo; uniti 6 za sola kwa siku zinakuokolea shilingi 2,100 hivi, na hapo mfumo utajilipa baada ya miaka kadhaa. Kama elfu moja inakuletea uniti 8.2, uko kwenye bei ya matumizi madogo ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti ya sola inakuokolea shilingi 122 tu. Mtu wa namna hiyo akifunga sola afunge kwa sababu amechoka na kukatika kwa umeme, na anunue mfumo mdogo wa taa, feni na friji. Na uniti inayozidi betri ikijaa haikuletei pesa yoyote, isipokuwa umeunganishwa rasmi na TANESCO kwa mita inayohesabu kwenda na kurudi. Ndiyo maana shemeji yako kusema umeme unambakia mimi sikuisikia kama sifa. Alinunua zaidi ya alichohitaji.

Fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi ya kianzio: pima hizo siku saba, kisha siku moja yenye jua piga picha za paa lote saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri, mwembe na mnara vikionekana, na uandike tarehe. Nitumie vyote pamoja na kipimo cha bati la upande wa magharibi, kwa urefu na upana. Kutokana na tarehe nitajua jua lilikuwa wapi, na nitakuchorea kivuli cha Juni kitakapoangukia.